Blanketi la Mkwilima

4 Desemba 1951

Daftari hili alinipa mwalimu Donatus nilipomaliza darasa la nne, akaniambia niwe naandika sala. Sala zimenishinda. Naandika hasira, maana nikimweleza mtu yeyote hapa kijijini maneno yatafika Kharumwa kabla sijafunga mdomo. Mama hajui kusoma na Kiswahili hakijui, kwa hiyo humu niko salama.

Nyumba ya mama imeanguka. Jana asubuhi nilimwona akija kwa njia ya mtoni, chungu kichwani, kigoda mkononi, kuku mweupe kwapani. Hakulia. Alisema, "Ukuta wa upande wa magharibi umebaki," kama vile ananiletea habari njema.

Yeye ni mjane. Mimi ni binti yake wa pekee, na kaka yangu ni Maganga, karani wa mbegu za pamba, mwenye nyumba ya bati ng'ambo ile ile ya mto anakokaa mama. Mama hakwenda kwa Maganga. Alikuja kwangu, kwenye chumba kimoja na mlango mmoja.

Tulivyo navyo ni hivi: kitanda cha kamba, ngozi ya ng'ombe niliyotoka nayo kwetu, sufuria moja, majembe mawili ambayo moja limelika hadi nusu, na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Blanketi alikuja nalo mume wangu Jilala kutoka mgodini Geita anakofanya kazi. Atarudi Krismasi.

Kwetu mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawatazamani usoni. Nina miaka sita kwenye ndoa na hawajawahi kusalimiana. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Hawatajani majina, hawakalii kigoda kimoja, na kitu alicholalia mmoja mwenzake hakilalii hata akifa kwa baridi. Mama alikubali kuingia ndani kwa sababu Jilala hayupo. Kitanda alikikataa. Akalala chini kwenye ngozi yangu, pamoja na mimi na mwanangu Mihayo. Mvua ilikuwa inapiga, naye anatetemeka. Nilipomfunika blanketi alilishika ncha.

"Hili la nani?"

"La Mihayo. Masista walinipa."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Alishukuru masista na akalala.

6 Desemba

Mvua.

9 Desemba, Jumapili

Baada ya ibada nilivuka mto kwenda kwa Maganga. Maji yalikuwa ya magotini. Mke wake, Melania, alinikaribisha vizuri, akanipa michembe, viazi vitamu vikavu vilivyopikwa kwa karanga. Maganga alikuwa kibarazani anafuta baiskeli kwa kitambaa.

Nilimwuliza mama atalala wapi msimu huu wote.

"Si yuko kwako?"

"Kwangu kuna mkwilima, Maganga. Nyumba ina mlango mmoja."

"Mkwilima yuko Geita."

"Anarudi Krismasi. Wewe una vyumba vitatu."

Alinionyesha, kama mtu anayekodisha. Cha kwanza wanalala yeye na mkewe. Cha pili kimejaa magunia ya mbegu za pamba. Cha tatu ni cha baiskeli, kwa sababu ikilala nje inashika kutu.

"Na tena mama hapatani na Melania," alisema. Melania akainamisha kichwa. Mama na Melania hawajawahi kugombana hata siku moja, na wote watatu tulijua hivyo.

"Pamba ikishauzwa nitamjengea," alisema.

Pamba ndiyo kwanza inapandwa. Niliondoka bila kumaliza michembe. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kwa sauti: mbegu zina chumba, baiskeli ina chumba. Wapita njia walinipisha.

12 Desemba

Tunalala watatu chini ya blanketi moja, Mihayo katikati. Usiku anarusha mateke. Leo mama amesema mjukuu wake amemvunja mbavu mbili na anadai fidia ya kuku, Mihayo akajibu kuku ni wa bibi mwenyewe. Tulicheka hadi moshi wa jikoni ukatupalia. Kwa saa moja hivi sikuwa na hasira na mtu.

15 Desemba

Palizi. Mvua. Jembe zima analo mama, la nusu ninalo mimi. Hataki tubadilishane, anasema mgongo wangu bado mchanga.

23 Desemba, Jumapili

Jilala amerudi. Habari za mama nilikuwa nimempelekea kwa Herman, mwenzake wa mgodini, kwa hiyo alianza kukohoa akiwa bado mbali kule kwenye minyaa. Mama aliposikia kikohozi alitoka mbio mvuani akaingia shambani kujificha. Mahindi yenyewe yamefika magotini tu, basi akachuchumaa katikati yake na kujifunika kanga kichwani. Mume wangu naye akasimama langoni na kugeuka, akatupa mgongo, maji yakimtiririka shingoni.

Nilisimama mlangoni nikiwaangalia watu wawili wazima wanaloweshwa ili wasionane. Nilipiga kelele. Nilisema nitachoma nyumba ili wote tukose.

Ikawa hivi: mama abaki ndani, Jilala alale kikome, pale uani wanaume wanapoota moto. Hakuna paa pale. Alisimika vijiti vinne, akaweka majani ya migomba juu. Nikampelekea ugali.

"Blanketi liko wapi?" aliniuliza.

"Mama analo."

Alishusha tonge. "Anajua ni langu?"

"Nimemwambia ni la masista."

Nilingoja anipige au aondoke. Alitafuna muda mrefu.

"Usimwambie," alisema. "Nipe gunia."

25 Desemba

Krismasi. Nilipika wali kidogo kwenye sufuria moja na kuupeleka sehemu mbili, ndani na kikome, kama mhudumu wa hoteli. Mimi nilikula ukoko nikiwa nimesimama.

28 Desemba

Hawa wawili wanazungumza na nguzo. Mama akitaka kitu kutoka kwa Jilala anaiambia nguzo ya mlango, kwa sauti: "Nguzo, mwenye kwenda porini akiona mti wa mpini asiuache." Jilala yuko hatua kumi, anasikia kila neno, lakini anangoja hadi mimi nimfikishie. Nisipofikisha hafanyi. Leo ameomba kuni na nimegoma kufikisha. Kuni hazikuja, na waliokula michembe mibichi ni mimi na mwanangu.

Jilala amekata miti kumi na miwili. Anamjengea mama kibanda kidogo nyuma ya kihenge chetu cha nafaka. Nilimwuliza ataezeka kwa nini. Nyasi za kuezekea zinakatwa kiangazi zikiwa zimekauka, na sasa porini kote ni majani mabichi ambayo yakipandishwa juu yanaoza kwa wiki moja. Aliendelea kuchimba mashimo ya nguzo.

3 Januari 1952

Amerudi mgodini. Kuta zimekandikwa udongo, juu ni mawingu matupu. Amemwachia mkwewe birika la kukinga mvua. Nimemwambia hivyo mbele ya Herman. Herman alicheka, Jilala hakucheka. Alibeba gunia lake begani na kuondoka, nami sikumsindikiza hata langoni.

8 Januari

Mvua. Kuta za kibanda zimeanza kumumunyuka.

11 Januari

Mvua. Mtama uliobaki ni wa wiki tatu, nimeuingiza ndani. Kihenge kiko kitupu, ukigonga kinalia.

18 Januari

Sijui nianzie wapi. Kosa ni langu.

Jana jioni tulikuwa tumeshajifunika. Mama alikuwa anampigia Mihayo hadithi ya sungura. Mihayo akaingiza kidole kwenye tundu dogo la blanketi karibu na mstari mwekundu, akasema, "Bibi, hapa baba alipachoma na sigara. Mama akamgombeza."

Hadithi ya sungura ikaishia hapo. Nilisema haraka mtoto anaota, akasema hapana, haoti, mama alimgombeza baba mpaka baba akaenda kulala kwa Herman. Mtoto wa miaka minne ana kumbukumbu ya hakimu.

Mama alijitoa chini ya blanketi polepole. Akaenda kukaa kwenye kigoda chake karibu na mafiga, akanipa mgongo. Nilimbembeleza, nikalia, mwishowe nikamfokea kwamba mila haimfuniki mtu. Hakugeuka. Usingizi ulinichukua, na sijisamehe kwa usingizi ule.

Alfajiri hakuwepo. Blanketi lilikuwa kizingitini, limekunjwa vizuri. Kuku mweupe ametuachia.

Nilimpa Klara, jirani yangu, amshike Mihayo, nikakimbia mtoni. Nyayo zake zilikuwa kwenye matope, zinaingia majini. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko juu, na nilipofika mto ulikuwa umeshapanda kifuani unabeba magogo. Yeye alikuwa amewahi kuvuka. Kule ng'ambo, kwenye ukuta wake mmoja uliobaki, niliona moshi mwembamba. Niliita hadi koo likakauka. Najua alinisikia.

Jioni nimemkuta Herman anarudi mgodini. Nimemwambia amwambie Jilala: amejua, ameondoka, mto umejaa.

19 Januari

Mto haupitiki. Moshi upo.

20 Januari

Moshi upo. Klara ameniuliza kwa nini nisiombe Mungu. Nimemwambia Maganga yuko ng'ambo ile ile kwa miguu mikavu, ana macho na ana baiskeli. Nimwombe Mungu ambebe Maganga kwenye baiskeli yake?

21 Januari

Mvua tangu alfajiri. Moshi upo, mdogo.

22 Januari

Moshi haupo.

23 Januari

Moshi haupo. Saa kumi Jilala amefika, matope hadi mapajani. Hakuomba ruhusa, amemwacha mnyapara anapiga kelele. Ametembea siku mbili. Nilikuwa nimepanga maneno yote ya kumtukana juu ya lile paa, hata nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Alipoketi nikaona nyayo zake zimechanika. Nikachemsha maji.

25 Januari

Nitaandika ya jana sasa hivi, kabla watu hawajaanza kuyapamba.

Tulikwenda mtoni asubuhi. Jilala alifunga kamba ya katani kwenye mti upande wetu, akaogelea na ncha na kuifunga ng'ambo. Kichwani alikuwa amejifunga furushi. Nilishika kamba nikavuka nyuma yake, maji yananivuta kanga na miguu.

Mama alikuwa amelala chini ya ukuta wake, kwenye matope, anawaka homa. Pembeni kulikuwa na bakuli la unga uliolowa na kuvimba, alilopelekewa na Melania siku ya kwanza. Hakuugusa, maana hakuwa na chungu cha kupikia. Chungu kilikuwa kwangu. Jilala alisimama nyuma ya ukuta ili asimwone. Homa ile, mvua ile, na mume wangu anaongea na mimi kupitia ukuta!

"Anapumua?"

"Anapumua. Njoo umbebe."

"Mbebe wewe. Mimi nitakushika wewe."

Nilimweka mama mgongoni. Ni mwepesi, ni mifupa na kanga. Niliingia naye majini hatua nne, ya tano jiwe likageuka, nikaanguka kwa goti na kichwa cha mama kikazama. Nikamvuta nje wote tunakohoa maji. Nikajaribu tena na kuanguka tena. Ndipo nikamgeukia Jilala pale alipokuwa amefumba macho na kushika kamba, nikamwambia maneno ambayo mke hamwambii mume. Nilimwambia kama macho yake ni ya thamani kuliko mama yangu basi ayafunge na mimi naondoka kwake leo hii.

Alifungua furushi. Lilikuwa lile blanketi. Alilitandaza mikononi, akamsogelea mama kinyumenyume, na mimi nikamfunika kuanzia utosini hadi unyayoni, asibaki hata kidole cha kugusana na ngozi ya mtu. Jilala akainama na kumnyanyua begani.

Katikati ya mto, maji yakiwa yamemfika kwapani, sauti ya mama ikatoka ndani ya blanketi. Haikuwa inasema na yeye. Ilikuwa inasema na maji.

"Maji, kuna jiwe bovu upande wa kushoto. Niliteleza nalo siku ile navuka."

Jilala akahama kulia. Nilikuwa nyuma, nimeshika kamba na meno yananigongana, naye hakungoja nimfikishie ujumbe.

28 Januari

Homa imeshuka. Mama yuko ndani kwangu, Jilala yuko kikome na gunia lake. Leo nilimwomba mama msamaha kwa uongo ule.

"Ulinivua nguo nikiwa nimelala, Paskazia. Siku arobaini na zaidi natembea uchi mbele ya watu, wewe unajua, mimi sijui."

"Ungekufa kwa baridi, mayu."

"Ningekufa nimevaa."

Nilitoka nje. Nilikuwa na jibu lakini lilikuwa baya, nikalipeleka kwenye kinu. Nilitwanga hadi mtama ukawa vumbi. Blanketi limeanikwa kambani na hakuna anayejifunika nalo. Mama analala na kanga yake iliyochanika, mimi na Mihayo tunalala na nguo zetu, Jilala na gunia. Watu wanne, blanketi moja, na wote tunasikia baridi.

3 Februari, Jumapili

Sikwenda kusali. Asubuhi Jilala alizunguka kihenge mara tatu akikitazama juu. Akaenda kumwita mume wa Klara na vijana wengine. Wakashika kofia ya kihenge, lile paa la nyasi kavu lenye ncha, wakalinyanyua zima zima na kulitembeza uani, miguu minane chini ya paa moja, hadi kwenye kuta za kibanda. Kwa kuta za kwanza lingekuwa dogo. Kumbe jana alishazibomoa bila kuniambia na kuzisogeza ndani, kwa kipimo cha kamba. Limekaa sawasawa.

Kihenge sasa kiko wazi kinajaa mvua, lakini hakina kitu cha kulowa. Nimekaa na mwanaume huyu miaka sita nikidhani ni mzito wa kufikiri.

5 Februari

Mama amehamia. Kibanda kinamtosha akilala amejikunja kidogo. Wapita njia wanacheka, wanauliza mwaka huu tunavuna nini humo. Nimewajibu tunavuna mama.

10 Februari, Jumapili

Leo amekuja Maganga. Alikuja na baiskeli, ameibeba begani kuvuka mto. Nasema tena: aliibeba begani. Na wazee wawili wa ukoo walimfuata na fimbo zao.

Walikaa uani. Jilala akakaa kwa mbali, amegeukia kihenge. Mama alikuwa mlangoni mwa kibanda chake, ameupa uwanja mgongo, anachambua mboga.

Maganga alianza kwa kunishukuru kwa kumwuguza mama. Halafu akakohoa. Akasema jambo limesikika hadi sokoni, kwamba mkwilima amemshika mkwewe, amembeba begani mchana kweupe, na ukoo umepata aibu. Wazee wamekaa na kuamua Jilala atoe mbuzi mweupe wa kusafisha. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Sisi hatuna mbuzi. Tuna kuku, naye ni wa mama.

Nilisimama. Nilikuwa na mchi mkononi na sikumbuki niliuchukua saa ngapi. Kabla sijafungua mdomo mama alisema, bila kugeuka.

"Maganga, nani alinibeba?"

"Jilala, mayu, ndiyo maana tume..."

"Usinitajie jina la mkwilima wangu."

Hajawahi kumwita hivyo Jilala akiwa anasikia, hata kwa nguzo.

"Mimi nilibebwa na mtoto wa mwanamke mwingine," mama alisema, "kwa sababu wa kwangu alikuwa anafuta baiskeli. Nimelala matopeni siku sita upande wako wa mto. Moshi wangu ulikuwa unauona. Kwa matope yale ulileta mbuzi gani wa kunisafisha?"

Maganga alisema mvua ilikuwa nyingi. Mzee mmoja akasema mila ni mila, mama.

"Mila naijua kuliko wewe, nimeishika tangu binti huyu aolewe. Mumewe pia ameishika. Amelala mvuani kwa ajili yangu, na alinivusha nimefungwa kama maiti ili asinione. Aliyevunja hapa ni mwenye nyumba ya bati." Akapangusa mikono. "Paskazia, lete blanketi."

"Lipi, mayu?"

"Kwani tuna mangapi? Lile la mkwilima wangu."

Nililitoa kambani. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitafuta lile tundu la sigara na kulitazama, kisha akajifunika mabegani, jua likiwaka, wazee wakiona, mwanawe akiona, na akaendelea kuchambua mboga.

Jilala hakugeuka. Alikuwa anakitazama kihenge kisicho na paa, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Sijawahi kumwona analia, na leo pia siwezi kusema nilimwona, maana nilimwona mgongo.

Wazee waliaga. Maganga alisahau kitambaa chake cha baiskeli juu ya jiwe. Nimekifanya tambara la sufuria.

12 Februari

Jilala ameondoka leo kurudi mgodini, hajui kama kazi bado ipo. Hakuchukua blanketi. Nilimpa ile ngozi yangu ya ng'ombe na akakataa, nikamtupia begani kwa nguvu, akacheka.

Kabla ya kwenda alisimama kando ya kibanda, amekipa mgongo, akaiambia nguzo, "Nguzo, mwambie mkwe ninakwenda. Kiangazi nitakata nyasi."

Ndani, mama akakiambia chungu chake, "Chungu, mwambie atembee salama. Na usiku ajifunike."

Kila mmoja akangoja nifikishe. Nilikuwa katikati yao na mchi wangu, nikaendelea kutwanga.